Daftari la Fundi Mkuu

Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, nawauliza wanafunzi wangu kwa nini wamechagua Kirusi. Majibu nimeshayazoea. Huyu anataka kwenda kusomea udaktari huko kwenye baridi, yule alikosa nafasi ya sheria, mwingine ana mchumba aliyemtangulia. Wapo wanaosema wanapenda utamaduni, na hao ndio waongo wakubwa. Yule mtu wa boila, mtambo wa kuchemsha maji ya mvuke kiwandani, naye alisema utamaduni.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mikono imebabuka kwa mvuke, na vijana walimwita Baba Darasa. Alitoka zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, akaoga, akaja kukaa kiti cha nyuma kabisa, mbali na birika la umeme. Maji yakianza kuchemka, yeye hutoka nje. Vijana walimtania kwamba mtu wa mvuke anaogopa chai. Alicheka nao, lakini hakurudi mpaka birika linyamaze.

Kilichonitisha ni mwandiko wake. Wanafunzi wangu huiga mkono wangu, maana hawajaona mwingine. Yeye, tangu wiki ya pili, aliandika kama mtu mzima aliyesoma zamani, herufi zimelala upande mmoja. Nilimuuliza aliyemfundisha ni nani. Akasema amefariki, akafunika daftari.

Muhula huohuo nilieleza darasani kwamba Warusi, mtu wanayemheshimu, humwita kwa jina lake likifuatwa na jina la baba yake. Baba Darasa akasimama, akatoka. Siku hiyo birika halikuwashwa.

Ilimchukua miaka mitatu kuniambia. Fundi Mkuu wake alisomea Urusi ujanani, na aliporudi aliendelea kuandika kila kazi kwa Kirusi kwenye daftari la mfukoni, ili mabosi wasichungulie. Siku moja alitaka kufungua bomba abadilishe mpira uliokuwa ukivujisha mvuke. Akamtuma huyu mwanafunzi wangu akafunge vali ya kuzuia mvuke. Huyu alifika nusu ya njia, akaitwa kwenye pampu, na kichwani mwake vali ikawa imeshafungwa. Alirudi akasema tayari. Fundi Mkuu akaandika mistari michache, akaenda kwenye bomba, na mvuke ukamuua.

Wachunguzi walisema vali ilikuwa imechakaa. Yeye akanyamaza. Baada ya msiba mjane alimkabidhi daftari amtafutie mtu wa kulisoma, naye akasema atajifunza mwenyewe. Mimi ningemsomea kwa dakika kumi! Nilimwambia hivyo, na kwa hasira, maana miaka mitatu nilikuwa nikisahihisha mwandiko wa marehemu bila kujua. Alinijibu kwamba alihofia mgeni alione jina lake kabla yake. Alipojua herufi tu alilikuta ukurasa wa mwisho, limefuatwa na la baba yake, akaamini amelaaniwa yeye na ukoo wake. Kisha nikafundisha lile somo. Tangu siku ile alijua kwamba marehemu alimwita kwa heshima, na hilo, alisema, lilimuuma hata laana angeipokea kwa mikono miwili.

Sasa mjane alikuwa mgonjwa, na alikuwa ameulizia daftari lake.

"Nisindikize, Mwalimu," akaniambia. "Nikienda peke yangu nitamsomea yasiyoandikwa."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Mjane alikuwa kitini sebuleni, shuka miguuni, na ukutani, katika picha ya zamani, mumewe akiwa kijana mwenye koti zito alisimama kwenye theluji akitucheka. Sikupenda kumtazama. Herufi zake nilizijua kuliko za ndugu zangu.

Baba Darasa alisoma Kirusi kwanza, kisha akatafsiri polepole. Alitaja jina lake na la baba yake, akaendelea: "Amesema vali imefungwa. Siendi kuangalia. Kumkagua mtu kama huyu ni kumvunjia heshima."

Mjane alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Nilitamani maneno yaishie hapo, twende zetu, na naona haya kulisema hilo.

"Na ilikuwa imefungwa?" akauliza.

Wachunguzi walishamwandalia Baba Darasa jibu miaka yote hiyo. Alikuwa na nafasi ya kulitumia, na mimi nisingesema neno.

"Haikufungwa, mama. Nilisahau, nikasema nimefunga."

Mama yule alilainisha shuka magotini. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua daftari, akaangalia ule ukurasa asioweza kuusoma.

"Miaka thelathini na moja nilifunga mlango wa nyumba hii," akasema. "Kila usiku mume wangu aliinuka kitandani akaenda kuuvuta, ahakikishe. Mimi mkewe hakuniamini hata siku moja. Wewe alikuamini."