Alama Ubavuni mwa Ng'ombe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, Mwanangu, ni ile niliyokaa kwenye kigoda katika boma moja la wafugaji huko Piyaya, kitabu changu cha kwanza kimefunguliwa mbele yangu, na mzee mwenye boma ameweka kidole juu ya picha akisubiri jibu. Nasema mzee, ingawa alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Vijana wa Karatu wameshaanza kunipa shikamoo kabla hata sijawatazama, basi na niutumie uzee huu niliopewa bure kukuambia jambo, wewe unayeanza kuandikia watoto.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nafundisha sekondari pale Karatu mjini, na nilikuwa nimegundua, peke yangu, kwamba watoto wa wafugaji hawana vitabu vinavyowahusu. Ugunduzi huo ulinifanya nitembee kifua mbele kwa muda mrefu. Nikaandika hadithi ya binti yatima aliyeibiwa mtamba wake, akamfuata mpaka akamkuta amechanganywa kwenye kundi la mwizi.

Mchoraji alikuwa Paskalina. Alizaliwa kijijini Baray, akaja mjini, akawa anaandika mabango ya maduka na kuchora makava ya spea tairi za magari ya watalii: simba, tembo, faru, tembo tena. Wenye maduka walimpenda kwa herufi zake zilizonyooka. Lakini chini ya meza yake kulikuwa na boksi la picha nyingine, za watoto wanaochota maji, wanaopigana, wanaosinzia darasani. Aliniambia waziwazi kwamba kitabu chetu kikipokelewa vizuri, ataacha tairi na kuwachorea watoto maisha yake yote. Mimi nilikuwa na mshahara wa kunisubiri mwisho wa mwezi. Yeye matumaini yake yote alikuwa ameyaweka pale.

Tulikwenda Piyaya pamoja ili awaone ng'ombe kwa karibu. Mzee Saning'o, ambaye hatukuwa tunamjua, alitupokea, akatulaza, akatupa maziwa. Paskalina alishinda zizini akichora, na binti wa mzee, Nasieku, wa darasa la nne, akimtajia jina la kila ng'ombe.

Tuliporudi Karatu akafika kwenye picha ya kundi la mwizi, akaniuliza kama awaache ng'ombe wale bila alama. Unajua kila ukoo una alama yake, huchomwa kwa chuma cha moto ubavuni mwa ng'ombe, na mfugaji huitambua akiwa mbali. Nikamwambia mtoto wa kifugaji akiona ng'ombe asiye na alama atacheka na kukitupa kitabu. Weka alama, nikasema, tena ya kweli, nimechoka na vitabu vya kubuni buni. Ndiyo maneno ya mtu aliyekuwa ameandika hadithi ya kubuni. Paskalina akaweka alama ya kweli. Alikuwa anaijua moja tu.

Alitaka pia turudi Piyaya na michoro, watu waitazame kabla haijakwenda kwa mchapishaji. Nikasema mvua imeharibu barabara. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, lakini kilichonizuia ni hamu ya kuliona jina langu. Na nililiona, Mwanangu. Lilijaa jalada zima, kwa herufi alizozichora Paskalina mwenyewe. Jina lake lilikuwa ndani, chini ya anwani ya mchapishaji, dogo kiasi kwamba leo ningelitafuta kwa miwani.

Nakala zikafika shule ya Piyaya, na mwalimu akawasomea darasani. Walipofungua picha ya kundi la mwizi, darasa likanyamaza, kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Nasieku, kumbe ni baba yako." Tuliambiwa baadaye kwamba walicheka mpaka kengele ikapigwa. Kesho yake walimfuata njiani wakilia kama ndama aliyeibiwa anayemtafuta mama yake. Siku iliyofuata Nasieku hakwenda shule, akaapa hatakwenda tena. Ndipo tulipoitwa.

Njia nzima, kutoka lango la Ngorongoro mpaka kule tambarare, niliandaa maelezo: uhuru wa msanii, tofauti kati ya hadithi na habari. Yalikuwa maelezo mazuri sana.

Mzee Saning'o hakugomba. Alifungua kitabu, akaweka kidole.

"Hii nilichoma mimi. Baba yangu alichoma hii hii," akasema. "Mlilala hapa. Mkanywa maziwa ya hawa hawa. Nani ameniweka mwizi?"

Wazee wengine wawili walikuwa wameegemea fimbo zao. Nikasema, kwa Kiswahili sanifu kabisa, "Mzee, mimi naandika maneno tu. Picha ni kazi ya huyu."

Paskalina akanigeukia. Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Angeweza kusema ni mimi niliyemwamuru, na ingekuwa kweli. Hakusema. Aliondoka kwenye kigoda chake, akamsogelea mzee, akainamisha kichwa jinsi watoto wa kule wanavyowaamkia wakubwa.

"Ni mkono wangu, baba. Sikujua. Nisamehe."

Mzee akamwekea kiganja kichwani. "Nimesikia, binti yangu. Ifute, mtoto arudi shule."

Mimi nikaona mambo yamekwisha vizuri, nikaomba maji ya kunywa. Mzee akaagiza yaletwe. Nilipokuwa nakunywa akaniambia taratibu, "Huyu ameomba msamaha. Wewe umeomba maji."

Wazee wale wakacheka chini chini. Nami nikayamaliza maji yote, maana sikujua la kufanya na kikombe.

Paskalina akabaki Piyaya akipaka rangi juu ya ile alama, nakala baada ya nakala. Mimi nilirudi, kwa sababu nilikuwa nimealikwa Arusha kuzungumzia fasihi ya watoto. Nilizungumza vizuri, wakanipigia makofi. Nasieku naye akarudi darasani, na wenzake walipokosa alama ya kuonyeshana wakamtafuta mtu mwingine wa kumtania.

Ambaye hakurudi kwenye vitabu ni Paskalina. Nilipompelekea mswada wa pili hakuufungua. Alikuwa anamalizia pembe ya faru kwenye kava la tairi.

"Niache na hawa, mwalimu," akasema. "Faru hana mtoto shuleni."

Nikacheka, nikidhani atabadili mawazo. Nikasubiri msimu wa watalii upite, nikasubiri na mwingine. Kumbe kile kilikuwa kitabu chake cha kwanza na cha mwisho. Vyangu vilivyofuata vimechorwa na mafundi wa mijini, na ng'ombe wao wote wamenenepa namna moja. Mpaka leo nikikutana na Paskalina sokoni tunasalimiana vizuri. Ananiuliza hali ya nyumbani, namuuliza kazi, tunaagana. Neno nililopaswa kulisema bomani bado ninalo mdomoni, na kila mwaka linazidi kuwa gumu kutoka.

Basi nisikilize, Mwanangu. Mtoto akikifungua kitabu chako haanzi na maneno yako, anaanza na picha. Aliyeichora jina lake likae jaladani sawa na lako, kabla hajakuomba. Michoro ipelekeni kwa watu mliowachora, hata kama barabara ni tope tupu, mkae hapo msikie wanacheka nini na wananyamaza wapi. Na siku aliyeumizwa na kitabu chenu akiuliza ni nani aliyefanya hivi, wewe uwe wa kwanza kufungua mdomo, useme ni mimi. Ukichelewa kidogo tu, mwenzako mwema atakuwahi, na nafasi ile hairudi. Mimi naitafuta bado.

Mungu akujalie usiandike neno litakalomtia mtoto wa mtu aibu njiani. Akupe mchoraji mwenye mkono mwema, nawe akupe ulimi wa kumtetea mbele za watu. Mzeeke pamoja, mkigombana juu ya rangi ya anga, hadi vitabu vyenu vichakae mikononi mwa watoto.