Santuri za Kaka Yangu na Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu baba mkwe unamsalimia kwa adabu, unampelekea maji ya kunawa, maisha yanaendelea. Mbeya nilikoolewa, kwa Wanyakyusa, mkamwana haruhusiwi hata kumwona baba mkwe wake. Akimsikia anakuja njiani, anaingia kwenye majani mpaka apite. Nilipoambiwa haya wakati wa uchumba nilicheka, maana mzee alikuwa anaishi mbali, Tukuyu. Sikujua kwamba ataugua tumbo, aletwe mjini kutibiwa, na alazwe sebuleni kwangu.

Sebuleni ndiko zilikokuwa gramafoni na santuri zangu. Zilikuwa za kaka yangu, dereva wa lori, ambaye aliletewa na dereva mwenzake kutoka Lusaka. Zilikuwa za bendi moja ya Waingereza, vijana wanaopiga magitaa ya umeme na ngoma utadhani wanabomoa nyumba. Kaka alizishika ukingoni tu. Alizifuta kwa kitambaa laini kabla ya kuziweka, na mtu akiongea wakati zinapiga alimfukuza. Alitaka asikie kila kitu, hata mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Lori lake lilipopinduka karibu na Ruaha Mbuyuni likamuua, mama alinipa mimi santuri. Kila nilipozipiga nilisubiri ile pumzi. Ilipofika niliona kama kaka yuko chumbani, ananinyooshea kidole ninyamaze.

Mzee alipokuja, sebule ikawa yake. Mimi nilipita mlango wa nyuma, nikashinda kwenye jiko la uani. Akitaka kwenda chooni alikohoa kwa nguvu, nami nikajificha. Hayo niliyazoea. Siku chache baadaye akagundua gramafoni.

Alipiga asubuhi, akapiga mchana, sauti juu, na kila mara alichagua santuri ile yenye kelele kuliko zote. Niliposonga ugali nilisikia jinsi anavyoidondosha sindano, kwaa! Mikwaruzo ikaanza. Baada ya muda ile pumzi nikawa siisikii tena.

"Wifi, mwambie mzee ashike pembeni," nilimwambia mdogo wake mume wangu, binti tuliyekuwa tukiishi naye, ambaye ndiye aliyemhudumia. "Na apunguze sauti."

Aliingia, akatoka.

"Nimemwambia ni za marehemu kaka yako. Anasema pole sana, atashika pembeni."

"Na sauti?"

"Sauti anasema hapana."

Nilimchukia. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Jioni mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia baba yake ananimalizia santuri.

"Vumilia, mke wangu. Mzee anaumwa."

"Mgonjwa gani anaweza kulala na kelele zile?" nikamjibu.

Mchana mmoja wifi alikwenda sokoni Uyole. Nilikuwa peke yangu uani, nachambua maharage, santuri ikanasa. Kipande kilekile cha gitaa kikajirudia, kikajirudia. Nikangoja mzee ainyanyue. Nikangoja akohoe. Hata kikohozi hakikuja. Ningependa kusema nilihofia uhai wake, lakini nilichokuwa nawaza ni sindano inavyochimba palepale, inammaliza kaka yangu. Nikajifunika kanga kichwa chote mpaka machoni, nikaingia kinyumenyume, nikipapasa ukuta. Nikanyanyua sindano.

Kelele zilipokatika, nikamsikia.

Alikuwa analia, kilio cha chini cha mtu aliyeng'ata blanketi ili kisitoke, na kilikuwa kinatoka tu. Hakikuwa cha siku ile. Mtu halii vile kwa siku moja.

Aliposikia nyayo zangu alihangaika kitandani, najua alikuwa anajifunika uso.

"Rudisha, mkamwana," alisema. Sikuwa nimewahi kabla ya hapo kuisikia sauti yake. "Nakuomba sana. Mke wa mwanangu asinisikie hivi."

Nikarudisha sindano. Kwa kupapasa bila kuona, ikateleza, ikaichana santuri kutoka ukingoni hadi katikati. Nikaiweka tena. Nikatafuta kitufe cha sauti, nikakizungusha mpaka kikagoma, nikatoka.