Dredi ya Hamsini na Nne

"Hivi Mama Method, nywele za watu huwa unazipeleka wapi?"

Swali hilo liliulizwa miaka miwili iliyopita na Gaudiose, fundi cherehani wa chumba cha pili. Aliuliza akicheka, pini zikiwa mdomoni. Lakini Emerensiana Gabrieli, msusi wa dredi hapa Makanyagio mjini Mpanda, hakucheka.

Leo ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mlango wa saluni yake umezuiwa kwa tofali usije ukajifunga. Kitini amekaa mwalimu wa kike kutoka Kakese. Kabla hajagusa maji, Emerensiana anahesabu kwa sauti, kidole kikitembea kichwani mwa mteja.

"Sitini na mbili. Umeingia na sitini na mbili, mwalimu. Umesikia?"

Mwalimu anaitikia. Gaudiose naye anaitikia kutoka kwenye cherehani yake. Siku hizi yeye ndiye shahidi.

Tangu swali lile, hivyo ndivyo kazi inavyofanyika hapa. Dredi zinahesabiwa mteja akiingia na zinahesabiwa akitoka. Vinywele vilivyodondoka vinafagiliwa mbele ya macho yake, vinafungwa kwenye karatasi, na anaondoka navyo mwenyewe.

"Anayejua hesabu ya nywele za watu wote ni Mungu," anasema Emerensiana. "Mimi najua za wateja wangu tu, na hizo lazima nizijue."

Anatabasamu, halafu anatazama barabara. Leo anaitazama sana.

Juzi aliletewa ujumbe kutoka kijiji cha Mwamkulu. Christina Ngusa, mama wa mteja wake mmoja aitwaye Nyanda, anakuja leo. Kijana ameugua homa siku nane, na mama yake alipokuwa akimpangusa jasho aliona uwazi nyuma ya sikio la kushoto. Nyanda ana dredi hamsini na nne. Mwenyewe huwa anajisifia. Moja haipo.

Asiye mwenyeji anaweza kuona ni jambo dogo. Huku, nywele ya mtu ikipotea, mtu mwenyewe hana amani, maana wanaamini kwa nywele hiyo anaweza kulogwa. Na anayedhaniwa kuichukua anaikosa amani hiyo zaidi.

Emerensiana anayajua hayo tangu utotoni huko Mpimbwe. Shangazi yake Rozalia alipika pombe miaka mingi, macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni. Mtoto wa jirani alipofariki, watu waliyatazama macho yale. Shangazi aliondoka kijijini na kanga moja mwilini, na nyuma yake nyumba ikateketezwa.

"Nilikuwa darasa la nne," anasema. "Hakuna aliyemshtaki kwa sauti. Ilianza na swali tu, kama lile la Gaudiose."

Gaudiose anainamia kitambaa chake.

Emerensiana, mwenye miaka arobaini na sita, alijifunza kazi hii kwa kinyozi mmoja wa Katumba baada ya mume wake kufariki. Kusokota mizizi ni shilingi elfu kumi. Wiki nzuri anapata wateja wanane, na kwa hao amemsomesha mwanawe Method hadi kidato cha nne. Wiki hii, baada ya maneno ya Mwamkulu kufika sokoni, wamekuja watatu.

Mikono haijaacha kazi. Anamwosha mwalimu kwa shampuu nyepesi, anasuuza mpaka maji yatoke meupe. Mafuta mazito hayataki, maana yanakaa ndani ya dredi kama tope. Anapaka ute wa mshubiri kwenye ngozi na matone machache ya mafuta ya nazi, basi.

"Dredi ni kama mpunga," anasema. "Miezi ya mwanzo ni mche, ukiivuruga inafumuka. Ikifika mwaka inakaza. Ikifika miaka mitatu ni nzito, na hapo ndipo watu wanajisahau. Wanadhani imeshajitegemea, kumbe uzito wote unaning'inia kwenye mzizi mwembamba."

Kwa hiyo hasokoti tena kabla ya wiki sita kupita, na havuti. Akiona nyusi za mteja zinapanda, anajua amekosea. Akimaliza anamtoa nje akae juani, kwa sababu dredi iliyokauka nje ikabaki mbichi ndani inaota ukungu, na harufu yake haina dawa.

Ndoto yake ni dirisha. Anataka ukuta wa mbele utobolewe, liwekwe dirisha kubwa la kioo, kila apitaye aone mikono yake. Na chini ya dirisha awafundishe wasichana wawili wa parokia. "Nikitoka salama leo," anaongeza.

Saa nne kasoro, bodaboda inasimama nje.

Christina Ngusa anashuka wa kwanza. Ni mwanamke mrefu, wa familia ya wafugaji waliohamia Mwamkulu na ng'ombe wao. Nyanda anamfuata, shati likimpwaya kwa homa. Mama anakataa kiti. Anakataa na maji.

"Mwanangu alikuja kwako mzima," anasema. "Nywele yake iko wapi?"

Mlangoni wamesimama watu watatu. Punde wanakuwa sita.

Emerensiana anaomba ruhusa ahesabu. Nyanda anakaa, macho chini. Sauti ya msusi inapanda polepole mpaka hamsini na tatu, inaishia hapo.

Kidole chake kinaingia nyuma ya sikio la kushoto, kinatulia. Kinagusa kisiki cha nywele.

Dredi iliyochoka ikidondoka, inaacha ngozi laini au vinywele vichache vilivyochongoka kama mkia wa panya. Hapa ncha zote zimelingana. Hii imekatwa. Na mkasi pekee ndani ya chumba unaning'inia kwenye msumari kando ya kioo chake, kila mtu anauona.

Angeweza kusema homa ndiyo iliyoing'oa. Homa hupukutisha nywele, watu wangekubali. Mkono wake unaingia mfukoni, unaikamata rozari, unatoka.

"Hii haikudondoka, Mama Nyanda. Imekatwa na mkasi."

"Mmesikia nyie," anasema mwanamume mmoja mlangoni. "Amesema mwenyewe."

Emerensiana anaendelea. Anaeleza kwamba Nyanda alikaa kwenye kiti hiki mara ya mwisho wiki saba zilizopita, na akatoka na hamsini na nne, Gaudiose shahidi. Kama ingekatwa siku ile, kisiki kingekuwa kimefika pingili ya kidole. Hiki hakizidi nusu ya ukucha.

"Ni kweli," anasema Gaudiose. "Nilizihesabu na mimi."

"Hii ni ya wiki mbili tu," anasema Emerensiana. "Nyanda, mwanangu, wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi?"

Kijana anafikicha magoti yake. Mama yake anageuka kumtazama.

"Ikola," anasema Nyanda. "Niliikata mwenyewe, mama. Nilimwachia Jeniffer."

Jeniffer ni msichana anayeanika dagaa ziwani, huko Ikola. Mama alishamkataa tangu kiangazi. Nyanda anasema binti aliomba kitu cha kukaa nacho mpaka wakutane tena, na yeye hakuwa na kingine. Aliposikia msusi anatajwa, alinyamaza.

"Nilikuogopa wewe, mama."

Mtu anacheka mlangoni. Gaudiose anapiga makofi mara moja, anashika kichwa. "Kumbe mapenzi! Na sie tunakosa usingizi." Watu wanaanza kutawanyika. Emerensiana anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Mama Nyanda hacheki. Macho yake ni yaleyale aliyoingia nayo.

"Kwa hiyo nywele yako anayo yeye."

"Ndiyo, mama."

"Na homa ilikuanza ulipotoka kwake."

Emerensiana anaelewa kabla ya wengine. Anasimama.

"Dada, ni malaria tu, si alipimwa? Yule binti hana kosa. Na yeye ana mama yake." Halafu anamgeukia kijana, sauti imeshuka. "Mpigie simu, Nyanda. Mpigie sasa hivi, mwambie aende kwa padri akae huko."

Nyanda anapapasa mifuko akitafuta simu.

Mama yake anajifunga kanga kiunoni, anakaza fundo. Anawapita wote wawili, anaruka tofali la mlangoni na kutoka bila neno jingine, si kuelekea Mwamkulu, bali upande wa stendi, yanakopakia magari ya Ikola.