Msoma plagi wa Somanda

Saa mbili asubuhi, Maduhu Masele anaikataa kazi aliyoisubiri kwa wiki tatu.

Amesimama chini ya banda lake la bati pale Somanda, mjini Bariadi, na kiganjani ana plagi nne za injini zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Mbele yake kuna gari dogo jekundu la mashindano. Nyuma ya kiti cha dereva umefungwa mtungi wa gesi ya naitrasi. Dereva akibonyeza kitufe, gesi huingia kwenye injini pamoja na petroli ya nyongeza, na gari huruka.

Siku hizi haliruki. Linakohoa, linagonga na kuua plagi. Mafundi wawili wamebadilisha plagi zote mara tatu bila mafanikio, na mashindano ya Mwanza ni Jumapili.

"Nani amezipiga msasa hizi?" anauliza Maduhu.

"Mimi, mzee," anajibu mwenye gari, Januarius Mihayo, mwenye miaka ishirini na tisa. Baba yake ni mmoja wa wanunuzi binafsi walioingia tangu biashara ya pamba ilipoachwa huria. "Nikazisuuza na petroli. Nisingeweza kumletea mtu mzima kitu kichafu."

Ndivyo tulivyolelewa huku, na adabu hiyo ni nzuri sana mezani. Kwenye plagi ni msiba.

"Umeifuta barua, halafu unaniomba nikusomee," anasema Maduhu, na kumrudishia plagi zake.

Maduhu ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa karakana ya chama cha ushirika, enzi ambazo malori arobaini na mawili yanayotumia petroli yalisomba pamba kutoka Kiloleli hadi Mwandoya. Kila dereva aliyerudi alimletea plagi zikiwa zimechomekwa kwenye ubao wenye matundu, kwa mpangilio wa silinda, na masizi yake yote. Aliziangalia tu, akajua nani anaendesha kwa pupa na nani amezidisha oili.

"Rangi ya chai ya maziwa, injini nzima. Nyeusi kavu, inakula petroli. Nyeusi ya mafuta, ringi za pistoni zimekwisha. Nyeupe kama chokaa, inaungua," anasema. "Hapo sijafungua hata nati moja."

Ukimwacha aendelee, hatamaliza leo.

"Msimu ukifunguliwa, malori yote yanawashwa alfajiri kwa mpigo, uwanja mzima unanuka petroli na pamba mpya. Watoto wanakuja kuangalia, hata akina mama. Lori namba kumi na moja lilikuwa na kikohozi ambacho sikukiponya kamwe. Nililipenda kama ng'ombe wa kwanza niliyepewa na baba. Nalikumbuka, bwana. Nalikumbuka kweli."

Karakana ilifungwa mwaka juzi, 1994. Wanunuzi wapya walikuja na magari ya dizeli, na dizeli haina plagi. Maduhu aliondoka na spana zake pamoja na ubao wa matundu ambao hakuna aliyeutaka. Siku njema bandani humwingizia shilingi elfu tatu, na siku njema zimekuwa adimu.

Mkewe, Klementina, anayeshona nguo kibarazani jirani na banda, ameshatoa uamuzi: mvua za kwanza zikinyesha, wanahamia Mwandoya, ambako kaka yake Anatoli amewatengea ekari sita za kulima pamba.

"Malori yalikuwa mazuri, hata mimi nayakumbuka," anasema bila hasira, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Lakini kumbukumbu haipikwi. Yamekwenda, na sisi twende."

Mwandishi wa makala haya, kusema kweli, alikuwa upande wa mama huyu.

Mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa ziwani. Maduhu anayatazama, kisha anampa Januarius sharti. Zifungwe plagi mpya. Gari likimbizwe kwenye barabara ya Maswa.

"Bonyeza gesi, hesabu mpaka tano, kanyaga klachi, zima swichi papo hapo. Usiiache injini ingurume bure, itanichafulia maandishi. Nitazifungua hapo hapo barabarani."

"Na pistoni ikitoboka, mzee?"

"Lawama ni yangu. Bariadi nzima itasema Maduhu ameua gari la mtoto wa watu, nami nitapanda basi la Mwandoya kabla ya mvua."

Hakuna anayecheka. Klementina anaacha kushona na kuja kusimama kando ya barabara, pini bado zimo mdomoni.

Gari linapita likipaza sauti, na ndani ya sauti hiyo unasikika mgongano kama kokoto ndani ya debe. Moja, mbili, tatu. Maduhu amefumba macho. Nne, tano. Kimya. Gari linaserereka lenyewe mpaka linasimama.

Maduhu anazifungua plagi kwa kitambaa maana zinachoma, anazichomeka kwenye ubao kwa mpangilio, kisha anatoa lenzi mfukoni. Anaitazama ya tatu kwa muda mrefu kuliko nyingine.

"Njoo," anamwambia Januarius. "Unaona hivi vidoa vinavyometa kwenye kauri hii nyeupe, vidogo kuliko chumvi? Hiyo ni pistoni yako. Inayeyuka na kurukia hapa. Gesi inachochea moto, petroli ya kuulisha haifiki, basi moto unakula chuma. Plagi zilikuwa zinakuambia kila siku. Mjumbe hauawi, kijana wangu. Ninyi mmeua kumi na wawili."

Anaufuata mpira mwembamba wa petroli ya nyongeza mpaka kwenye kichujio kisichozidi kastabini. Anamwomba mkewe sindano. Kwa ncha yake anavuta kitu cha kijivu, kinakuja taratibu, kirefu na laini.

Ni nyuzi za pamba.

"Petroli yako unaweka wapi?"

"Kwenye pipa, ghalani kwa baba yangu."

"Na kizibo chake?"

Januarius anajikuna kichwa. Kizibo kilipotea mwanzoni mwa msimu. Waliziba kwa bonge la pamba, kama inavyozibwa nusu ya madumu ya wilaya hii. Umati uliokwisha kukusanyika barabarani unaangua kicheko, na mwenyewe anaungana nao akiwa amechelewa kidogo.

Kichujio kinasafishwa, petroli inachujwa kwa kitambaa, zinafungwa plagi za baridi zaidi, zinazopoa upesi, na taimingi ya cheche inarudishwa nyuma kidogo. Safari hii gari linapita bila kokoto. Plagi zinatoka bila doa.

"Pistoni zimeng'atwa, ila zitakufikisha Jumapili," anasema Maduhu. "Jumatatu tufungue injini."

"Wabeja, baba," anashukuru Januarius kwa Kisukuma, akimshika mkono kwa mikono miwili. Kisha anasema ukweli, na inaonekana unamuuma: magari mengine yote ya baba yake ni dizeli. Hana kazi nyingine ya kumpa.

Maduhu anaitikia kwa kichwa. Anamwonyesha mwandishi pikipiki ya mapadri, ambayo mwendeshaji wake ameiegesha ili aone kinachoendelea.

"Ile ina plagi," anasema. "Ya bwana shamba nayo. Huria hii itazileta nyingi, wala hazihitaji barabara nzuri. Nataka niweke benchi la pikipiki pale, upande wa kivuli."

"Bariadi nzima zipo saba," anasema Klementina. "Nimezihesabu."

"Saba si sifuri."

Klementina anaichukua sindano yake kutoka kwa mumewe, anafuta petroli kwa pindo la kanga, huku macho yakiwa kwenye zile plagi nne. Maduhu naye anamtazama. Hajamwomba kitu.

Mwandishi alikuwa na safari ya Meatu, kupitia Mwandoya, mchana huo, na Klementina alilijua hilo.

"Ukifika Mwandoya muulizie kaka yangu Anatoli," anasema. "Mwambie zile ekari alime yeye."

"Msimu huu tu, mama?"

"Mwambie alime."