Safari ya Fukayosi Kutafuta Dawa ya Mikutano Yetu

Ndugu zangu wa kata, wengi wenu mliniona Jumamosi ile nikiondoka alfajiri kwenye bajaji ya mume wangu, mkeka umefungwa juu, na kabla jua halijapanda habari ilikwisha kuenea kwamba diwani kaachika anarudi kwao. Sikuachika. Nilikuwa nakwenda Fukayosi kutafuta dawa ya mikutano yetu, na leo nawasimulia yote, hata yale yanayonitia haya.

Kisa chenyewe mnakijua. Halmashauri ilituandikia kwamba kijiji chetu kimo kwenye mpango wa kupata zahanati, ila kwanza wananchi wakutane, wakubaliane eneo, na muhtasari wa mkutano ufike kabla ya mwezi kwisha. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Salumu, akaitisha mkutano. Tulikuja watu kumi na wanane na mbuzi wa jirani. Akaitisha tena, tukapungua, hata mbuzi hakuja. Watu wasipotimia idadi inayotakiwa hakuna uamuzi, na bila uamuzi zahanati inakwenda kwa wengine. Nilikosa raha. Masika yaliyopita mume wangu Athumani alikuwa akimkimbiza mama mjamzito hospitali, mtoto akazaliwa ndani ya bajaji kabla hawajaigusa lami. Alhamdulillahi wote wazima, lakini si kila mwanamke atakuwa na bahati ile.

Diwani mwenzangu ndiye aliyenidokeza kwamba kuna kijiji ndani ya kata ya Fukayosi ambako mkutano ukiitwa, watu hugombea pa kukaa. Nikampigia simu mwenyekiti wao, Bi Zuhura.

"Njoo uone kwa macho yako," akaniambia. "Tuna mkutano Jumamosi. Ila uje na mkeka, viti vyetu ni vya wagonjwa na wazee."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa Kerege, tumeshika barabara kuu. Athumani alikuwa na bashasha kama anayekwenda harusini.

"Mheshimiwa," akanambia, "huko uendako, usiseme mumeo haji mikutanoni."

"Kwani huji kwa nini?"

"Nakusikiliza nyumbani kila siku. Nikakusikilize na uwanjani?"

Zinga tulisimama kunywa chai. Mwenye kibanda, Mama Asha, ni mzaliwa wa kwetu aliyeolewa kule, akanijua mara moja. Alipokwisha kunipa shikamoo na habari za watoto, akasema, "Juzi nilikuja kwa mama nikasikia mbiu ya mkutano. Nikamwambia, mama, huendi? Akanijibu, 'Nikafanye nini? Nikapige makofi?'" Akaniongezea chapati, nadhani kwa kunihurumia. Chapati niliimaliza, maneno yale nikaondoka nayo.

Bagamoyo mjini tulijaza upepo tairi la nyuma, tukashika barabara ya Msata. Mashamba ya chumvi yakapita, kisha daraja la Ruvu, maji ya kahawia yametanda na nyasi zimelala upande mmoja. Ng'ambo ya mto harufu ya bahari ikakatika. Athumani, ambaye hajawahi kulala usiku mmoja mbali na pwani, akatazama mashamba ya muhogo na mananasi yasiyo na mwisho, akauliza kwa huruma ya kweli, "Sasa watu wa huku, mchana wanakula nini?"

Saa nne kasoro tukaiacha lami, tukafuata njia ya vumbi mpaka nyumbani kwa Bi Zuhura. Ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, na tulimkuta ndiyo anatoka shambani, panga mkononi, kanga kajifunga kibwebwe.

"Shikamoo, Bi Mwenyekiti."

"Marahaba, Mheshimiwa. Karibu. Ila hapa uheshimiwa tunauacha mlangoni pamoja na viatu."

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja cha shule ya msingi, upande wenye kivuli cha madarasa. Sijawahi kuona watu wengi vile pasipo na ngoma wala mgombea. Mkeka wangu ulipata nafasi kwa kubanwa kati ya mama mwenye mapacha na mzee aliyekuja na redio yake, akaizima kwa heshima dua ilipoanza.

Baada ya dua, mtendaji wa kijiji hakusoma ajenda mpya. Alifungua daftari akasoma ahadi zilizotolewa mkutano uliopita, moja moja, na kila aliyeahidi akasimama. Wa kwanza alikuwa Bi Zuhura mwenyewe.

"Nilisema pampu ya kisima itakuwa imepona leo," akasema. "Haijapona. Kifaa walicholeta hakikuingia, nimekirudisha, wameniahidi kingine wiki ijayo."

Nilijikunja nikingoja zogo. Yule mzee wa redio akajibu tu, "Tumekusikia. Wiki ijayo tutakuja kukuchungulia kisimani." Watu wakacheka, Bi Zuhura akacheka, daftari likaandikwa, wakaendelea. Mwalimu mkuu alikuwa ametimiza ya kwake, akapigiwa vigelegele mpaka akaona aibu.

Hapo ndipo bibi mmoja mwembamba, wanayemwita Bibi Tatu, aliponyoosha mkono. "Na mgeni je?"

Nikageuka nyuma kumtafuta mgeni.

"Wewe mwanangu, wa mkeka mpya. Karibu sana kwetu. Tumeambiwa kwenu wewe ni diwani. Uliahidi nini, na kimefika wapi?"

Ningeweza kusema nimekuja kujifunza tu. Lakini watu wote wale walikuwa wananitazama kwa uso mwema kabisa, na uongo ukanishinda. Nikasimama. Nikawaeleza njia yetu ya kushukia dikoni, pale mashua zinapoteremsha samaki, jinsi wanawake wanavyopita kwenye tope na matenga kichwani. Nikasema niliahidi kalvati ya kupitishia maji chini ya njia. Nikasema niliiomba kalvati hiyo kwenye halmashauri, nikajibiwa mwaka huu haimo.

"Uliwaambia wenzio jibu hilo?" akauliza Bibi Tatu.

"Sikuwaambia, bibi."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Bibi Tatu akasema polepole, kama anayemkanya mjukuu, "Sasa mwanangu, wao waje mkutanoni kusikiliza nini, na wewe mdomo una haya?"

Kiwanja kizima kiliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Athumani. Nami nikacheka, machozi yakinitoka, na sikuweza kujua yalikuwa ya nini.

Saa nane mchana Bi Zuhura alitukaribisha ugali, kuku wa kienyeji na kisamvu cha nazi, na Athumani akapata jibu la swali lake. Tukiwa tunakula, mwenyeji wetu akaniambia kuwa hata wao mikutano ilikuwa imekufa, mpaka walipoanza daftari lile.

"Na mikutano yenu mnaiweka saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu asubuhi."

"Na mashua zenu hurudi saa ngapi?"

Nikaacha kutafuna. Nimezaliwa pwani, mama yangu kakaanga samaki maisha yake yote, na ilibidi mkulima wa mananasi ndiye aniulize.

"Saa tatu," nikasema.

Aliniongezea kisamvu.

Alasiri tuliaga, bajaji imejaa mananasi mpaka nikakosa pa kuweka miguu. Tulipovuka daraja Athumani akasema, "Mimi nilidhani umesahau habari ya kalvati."

"Nawe hukuuliza."

"Nawe hukusema."

Tukaingia nyumbani kabla ya magharibi.

Siku zilizofuata mliniona nikishuka dikoni kila asubuhi, na Mzee Salumu akipita nyumba kwa nyumba kuulizia saa inayowafaa watu. Tukakubaliana Jumapili baada ya swala ya alasiri. Mnajua mlivyokuja. Idadi ilitimia Mzee Salumu hajamaliza dua, na akina mama wa dikoni walikuja na mikeka yao wenyewe.

Nilisimama wa kwanza, nikawasomea barua ya kukataliwa kalvati, nikaomba radhi, nikasema nitaiomba tena mwaka ujao na jibu nitalileta hata likiwa chungu. Bi Mwanaidi, mkaanga samaki, akasimama akanisema mpaka pumzi ikamwishia, akakaa, akasimama tena kwa kuwa alikuwa amesahau jambo. Alikuwa na haki. Alipomaliza, akanitengea nafasi kwenye mkeka wake.

Kisha tukaja kwenye zahanati. Mimi nilitaka ijengwe karibu na ofisi ya kijiji, magari yafike kwa urahisi. Nililisema hilo vizuri, nadhani, maana nilijiandaa. Bi Mwanaidi akauliza kama nimewahi kupita pale ofisini masika na mtoto mgonjwa mgongoni, maji yakiwa magotini. Akapendekeza mwinuko wa jirani na shule. Mikono ikanyooshwa, Mzee Salumu akahesabu mara mbili. Upande wangu ilikuwa michache sana, na mkono wa Athumani, ambaye safari hii alikuja, haukuwamo.

Muhtasari ulifika halmashauri kabla ya mwezi kwisha. Nimejifunza kwamba mtu akijua neno lake litarudi na jibu, humwiti mara mbili, na kwamba hata kiongozi aliyezaliwa mahali anaweza kusahau saa ya mashua. Jioni ya mkutano ule, nikiwa nakung'uta mkeka, Athumani aliniuliza kama nimeumia kushindwa mbele ya watu wote. Nikamwambia kweli yangu: siku ile tulipokutana watu kumi na wanane, hapakuwa na mtu wa kunishinda.