Mfuko wa Kulia wa Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha mpaka leo kwenye mfuko wa kulia wa koti la Baba. Lilikuwa koti zito la kijivu, la mtumba, alilolinunua Bujumbura enzi za vita, likarudi Ulaya lilikotoka likiwa mgongoni mwake. Ndani ya mfuko ule fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi alikuwa ameshona kifuko kingine cha ngozi, kidogo kama kiganja, na humo Baba aliwahi kuweka bastola. Bastola yenyewe siikumbuki. Iliachwa huko kabla sijaanza kuweka kumbukumbu, lakini mafuta ya cherehani aliyokuwa akiipaka yaliingia kwenye ngozi na harufu yake ikakataa kutoka. Mazoea nayo yakakataa kutoka. Katika baridi ya Stockholm, watu wakijifunika mpaka pua, Baba alivaa glavu ya kushoto peke yake. Mkono wa kulia ulikaa mfukoni, vidole vikiwa ndani ya kifuko kisichokuwa na kitu, na mimi nilitembea upande wa kushoto. Nikijisahau nikahamia kulia, alinisukuma taratibu kwa goti.

Tuliishi kitongoji cha Vårby gård, mimi na Baba na Mama, katika jengo ambalo ngazi zake zilinuka kahawa na vitunguu vya watu wa nchi zote. Bujumbura Baba alikuwa na duka la dawa. Hapa alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alinipeleka huko mara moja, shule zilipofungwa, nikamwona akimlisha uji bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa haoni. Bibi yule alikuwa ameukamata mkono wake wa kulia kwa vidole vyake vyembamba, anaupapasa kama kitambaa kizuri, na Baba amemwachia. Nilimwonea wivu bibi kipofu. Nilikuwa na miaka minane, na kitu nilichokitaka kuliko baiskeli na kuliko mdogo wangu niliyekuwa nikimwomba Mama kila siku anizalie, kilikuwa mkono ule, nitembee nao barabarani watu wakiona. Ndani ya nyumba Baba alikuwa mcheshi, alinibeba, alinisuka hata nywele Mama akiwa kazini. Tukishavuka mlango tu, nusu yake moja inaondoka.

Jumapili baada ya kanisa alikuja Anko Lubega kutoka kitongoji cha Tensta. Huyu alikuwa Mganda, mwanajeshi wa zamani, mnene na mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na sijui kwa nini alilipenda sana suala la ile bastola. Alikuwa akimwita Baba Dokta. Chai ikishamiminwa tu, anaanza.

"Dokta, ile kitu yako ilikuwa ya kutishia panya. Mpini vidole viwili, hiki kidogo kinaning'inia nje. Utaishika namna gani? Ukipiga, inaruka, inakutoka."

"Kubwa unaiacha nyumbani kwa sababu ni nzito, na kila mtu anaiona chini ya shati," Baba alijibu. "Ndogo unaenda nayo dukani, kanisani, popote. Bunduki iliyobaki kabatini inakusaidia nini?"

Anko alikuwa na mengi ya kujibu. Alisema mtutu mfupi vile haulengi kitu kilicho mbali kuliko upana wa sebule yetu. Risasi yenyewe ndogo. Mlevi akipigwa nayo atajua kesho asubuhi. Mfukoni kuna funguo, sarafu na vumbi la kitambaa, na kimojawapo kikinasa pale pa kufyatulia unajipiga paja mwenyewe. Hapo Baba alikuwa akitabasamu, maana hilo alikuwa amelifikiria: ndiyo sababu ya kifuko cha ngozi, humo hakuingia kitu kingine, hata leso. Na glavu je? Kidole chenye glavu hakipiti kwenye kile kitundu. "Kwa hiyo sivai," Baba alisema, kama mtu ambaye bastola bado anayo. Mama alikuwa akipita na sahani. Mimi nilikaa chini karibu na kipasha joto, nikimuunga mkono Anko kwa moyo wote. Nilitaka ashinde mara moja ile kesi, Baba akubali kwamba kitu kile hakikuwa na maana, kisha autoe mkono.

Majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilinyesha, ikayeyuka, ikaganda tena. Jioni moja tukitoka kwenye treni ya metro, pale kwenye mteremko wa kwenda kwetu, barafu ilikuwa inang'aa chini ya taa. Watu wa huku hufundishwa tangu wadogo kutembea kwenye barafu mikono ikiwa nje, ili ukiteleza ujidake. Mwalimu wetu alikuwa akitupigia kelele kila siku. Nilimwambia Baba, kwa Kiswidi kama ilivyokuwa kawaida yangu, atoe mkono. Akanijibu kwa Kiswahili niangalie ninapokanyaga. Alipoteleza aliniachia haraka nisianguke naye, na mkono wa kulia haukuwahi kutoka. Aliulalia. Mfupa ulivunjika humohumo mfukoni, karibu na kifundo cha mkono, na mimi nikausikia.

Jumapili iliyofuata Anko Lubega alisimama mlangoni, akaitazama plasta nyeupe kutoka kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, akavua kofia.

"Dokta," alisema, "hatimaye bastola yako imemjeruhi mtu."

Baba alicheka mpaka akashika mkono kwa maumivu. Mama hakucheka. Aliweka birika mezani akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya wakiongelea habari hiyo.

"Kila Jumapili mtutu, mpini, risasi," alisema. "Mbona siku yenyewe hamuisemi? Baba Aline, msimulie huyu mtoto."

Baba aliangalia plasta yake. Basi Mama akasimulia mwenyewe, akinitazama mimi. Siku tuliyokimbia, vijana walifunga njia kwa magogo, kila mmoja na bunduki ndefu. Baba alikuwa na mkono mfukoni, ameishika bastola. Mama aliona bega lake limekaza, akaona pia kwamba wale ni wengi, na kwamba akiitoa tumekwisha wote. Akanishusha mgongoni, akanisukumiza kwake. "Nilimwambia shika mtoto, nimechoka. Ilibidi atoe mkono akudake. Wakaona baba anayehangaika na mtoto anayelia, wakatupisha. Bastola ililala mfukoni hivyo hivyo. Jioni akaitupa ziwani."

"Sasa kwa nini bado unaishika?" niliuliza. Mara hiyo nilisema Kiswahili.

"Nikiutoa mkono," Baba alisema, "naona kama nimewaacha wazi." Anko Lubega alikoroga chai yake iliyokuwa haina sukari. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiitania bastola ile.

Kisha zikaja wiki ambazo nazikumbuka hata sasa. Plasta haikuingia mfukoni. Mama alifumua mshono wa mkono wa koti ili upite, na mwishoni mwa ile plasta vikatokeza vidole vya Baba, vya baridi, vimevimba kidogo, havina pa kujificha. Vilikuwa vyangu. Nilitembea kulia kwake kwenda shule, kulia kwake dukani, kulia kwake kando ya maji kule chini ambako barafu ilikuwa ikilia yenyewe. Nilimfumia soksi ya vidole kwa uzi mwekundu, mbaya mno, akaivaa mpaka kanisani. Nilijifunza kwamba kidole chake gumba kilikuwa na kovu la chupa ya dawa, na kwamba akiwaza jambo alikuwa akinibonyeza kiganja bila kujua. Wenzangu shuleni walimsikitikia Baba. Mimi kanisani, watu wakiuombea mkono wake upone, niliomba mfupa usiwe na haraka.

Ulipona. Plasta ikakatwa siku moja ya majira ya machipuko, wafagiaji walipokuwa wakizoa changarawe iliyomwagwa kwenye njia wakati wa baridi ili watu wasiteleze. Mkono ulitoka mwembamba na wenye magamba, Baba akautazama kama mgeni. Tulipotoka nje ya zahanati alivaa koti, na mimi bila kuambiwa nikazunguka nikaenda kushoto. Niliyazuia machozi kwa kuangalia wafagiaji. Nikasikia mkono ukiingia mfukoni, kitambaa kikisugua kitambaa. Hatukwenda mbali akasimama.

"Njoo huku," alisema.

Alikuwa ameupanua mdomo wa mfuko wa kulia kwa vidole viwili, kama unavyomfungulia mtu mfuko atie viazi. Niliingiza mkono. Ukapita moja kwa moja mpaka ndani ya kifuko cha ngozi, ukaenea sawasawa, kisha mkono wake ukaja juu ya wangu na kuufunika. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani, bega langu likiuma kwa kuwa mfuko ulikuwa juu, na nisingeutoa hata kama ungeniambia kuna pipi.

Baba ametutoka. Anko Lubega alimzika akilia bila kujificha, akimwita Dokta. Siku hizi bastola hutajwa kwenye habari za vitongoji vyetu, vijana wadogo wakizificha kwenye vimkoba vya kifuani, nami nikiwapita kituoni natazama mikono yao kwanza, kisha nyuso. Nadhani na wao wanaogopa kuachwa wazi. Natamani kila mmoja angekuwa na mtu wa kumsukumizia mtoto mikononi.

Koti ninalo, linaning'inia mlangoni kwangu. Mkono wangu siku hizi unakomea kwenye vifundo vya vidole, hauingii kwenye kifuko. Juzi binti yangu alikuwa akipekua mifuko akitafuta pipi, akaniuliza kile kidogo cha ndani kilikuwa cha kuwekea nini. Nikamwambia cha kuwekea mkono wa mtoto. Akauingiza wake, ukaenea, akaunusa alipoutoa, akakunja uso kwa ile harufu. Akaurudisha tena, akatulia, kama anayesubiri mwingine uje juu yake. Nikauweka wangu. Kando ya ule wa Baba, ulikuwa mdogo mno kwa kazi ile.