Vidole Kumi vya Piko

Jamani, mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe hadi leo nikipita mbele ya ile zahanati hapa Bagara najifunika mtandio mpaka puani. Chanzo ni piko. Baba Zuhura (mume wangu, mfanyabiashara wa mbuzi, Kiteto ndiko kwake kuliko hapa) alisema Ijumaa anarudi, basi nikakaa peke yangu nikajipaka kucha zote, mikono na miguu, nikarudia mara tatu ili likolee liwe jeusi tii, na Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, simu haipatikani.

Jumatatu nikaamka na kikohozi kidogo. Panadol ninazo nyumbani, nisiwadanganye, ila tangu Ijumaa hakuna aliyeniuliza naendeleaje, nikaenda zahanati. Nesi akanibana kidole na kile kimashine cha kupimia oksijeni, akatoa macho, akabana kingine, akamwita mwenzake, na kabla sijakaa sawa nimeshalazwa, mpira wa oksijeni uko puani, nesi kanishika mkono ananipa pole. Nilikuwa mzima. Ningesema tu, lakini ule mkono ulikuwa wa moto na sikutaka uniachie, nikaanza (Mungu anisamehe) kuhema kwa nguvu.

"Mama, tumpigie nani?"

Hapo ndipo niliponywea. Mume hapatikani, Zuhura yuko Mwanza hapokei, na mtu wa tatu nikamtafuta kichwani nikamkosa. Nikamtaja jirani yangu Mama Neema, ambaye tangu ahamie nilikuwa namwitikia salamu basi.

Akaja mbio, unga wa chapati mpaka kwenye viwiko, analia. Wakati huohuo akaingia nesi mkubwa, akaviangalia vidole vyangu, akakibana kimashine sikioni, akatangaza foleni nzima isikie, "Huyu hana kitu. Piko limemeza mwanga wa mashine. Mtoeni mpira." Watu wakacheka mpaka wenye homa.

Mama Neema hakucheka. Alinisindikiza hadi mlangoni kwangu, ndipo akasema, "Mama Zuhura, ukitaka mtu wa kukaa naye niite. Usisubiri kufa kwanza." Nililia pale nje, mchana kweupe.

Baba Zuhura alirudi Alhamisi, piko wala hakuliona. Nimeapa sipaki tena vidole vyote kumi, kimoja nawaachia manesi, na siku hizi sijipaki mwenyewe, ananipaka Mama Neema.